Bingwa wa Rali Akipigwa Tochi: Mama Noti Anajibu Barua Zenu

Toleo lililopita niligusia, kwa mistari mitatu tu, habari za madereva wa rali wanaokamatwa na trafiki kwa mwendokasi katikati ya mashindano. Barua zimenijaza meza. Wapo wanaowatetea mabingwa wao kwa machozi, wapo wanaotaka wafungwe. Nimechagua hizi, nimezifupisha, na zile kali nimezipunguza makali. Kwa wageni wa safu hii: sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa mwelekezi, nikikaa kando ya dereva na kumsomea noti za kona. Usukani wa mashindano sijaushika. Ninachokijua nimekijulia kiti cha pili.

SWALI: Mama Noti, shikamoo. Kuna jambo linanikera. Mtu analipwa akimbize gari. Ana leseni ya mashindano, gari limebandikwa namba ubavuni na matangazo hadi juu ya paa, kila mtu anajua wiki hii kuna rali. Halafu askari anachomoka kichakani na tochi yake, anamwandikia faini. Si sawa na kumkamata bondia kwa kosa la kupiga? (Shabiki wa Vumbi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bondia huyohuyo akimpiga kondakta kwenye foleni ya basi anapelekwa kituoni kama mtu mwingine, na mkanda wake wa ubingwa haumsaidii. Cha kujiuliza ni ulingo unaishia wapi, na hapo ndipo mashabiki wengi wanapochanganya.

Rali ina barabara za aina mbili. Kuna mikondo ya mashindano: hii hufungwa kwa kibali cha mamlaka, wasimamizi husambazwa njia nzima, gari la kufungua njia hutangulia, ambulensi husubiri mwanzoni, na humo ndani dereva anakimbiza atakavyo. Kisha kuna barabara za kuunganisha, zinazokutoa mwisho wa mkondo mmoja hadi mwanzo wa mwingine au hadi eneo la mafundi. Hizi hazifungwi. Zina matuta, vivuko vya waenda kwa miguu, malori, watoto wanaotoka shule. Katika raundi ya kawaida ya Mashindano ya Dunia, mikondo yote ukiijumlisha hufika kilomita 300 hivi, ilhali safari nzima hupita 1,000. Kwa hiyo bingwa wako, kwa sehemu kubwa ya kilomita zake, ni dereva tu aliye barabarani pamoja na wengine. Ndiyo sababu gari la rali lina namba za usajili, indiketa, honi na bima. Gari la Formula One halina namba za usajili wala indiketa, maana halitoki nje ya uwanja wake.

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, ziko wazi: dereva na mwelekezi, wote wawili, wafuate sheria za barabarani za nchi wanayopita kwa muda wote wa rali. Askari akiona kosa amjulishe mkosaji vilevile ambavyo angemjulisha mtumiaji mwingine wa barabara. Hakuna mahali leseni ya mashindano imetajwa kuwa msamaha.

Ila najua picha hiyo umeitoa wapi. Safari Rally ya zamani, hadi 2002, ilikimbizwa kwenye barabara zisizofungwa, na helikopta za timu zilitangulia angani kumwonya dereva kuhusu basi au mifugo iliyo mbele. Iliporudi kwenye Mashindano ya Dunia mwaka 2021 ilirudi na mikondo iliyofungwa, kama kwingine kote.

SWALI: Kama mshindi ni mwenye muda mdogo kuliko wote, si anayewahi kufika popote ndiye anayefaidi? Mimi ningekanyaga mafuta mwanzo hadi mwisho. (Kijana wa Gia ya Tano)

JIBU: Ungeshika mkia, na ungeshangaa kwa nini.

Mwanzoni mwa kila kipande cha barabara mwelekezi anakuwa na kadi ya muda. Tuseme imeandikwa mmeondoka saa 4:12 na kipande hiki mmepewa dakika 38. Mnatakiwa kuripoti saa 4:50, dakika hiyohiyo. Mkiripoti 4:53 mmechelewa dakika tatu, na kila dakika ya kuchelewa inagharimu sekunde 10, basi mnaongezewa sekunde 30. Mkiripoti 4:47 mmewahi dakika tatu, na kila dakika ya kuwahi inagharimu dakika nzima. Mnaongezewa dakika tatu. Kuwahi kunauma mara sita kuliko kuchelewa! Waliotunga kanuni hii waliwajua vijana kama wewe.

Ndiyo maana ukipita karibu na kituo cha muda utakuta magari matatu manne yameegeshwa kabla ya kibao cha njano kinachotangulia kituo, injini zinanguruma polepole, madereva wamevua helmeti wanapiga soga au wanachungulia matairi. Mwelekezi amesimama karibu na meza ya msimamizi, kadi mkononi, macho kwenye saa. Nimesimama hapo kwenye mvua na kwenye jua. Tarakimu inageuka, 4:50, ndipo unanyoosha mkono. Wenzangu wengine walikuwa wanaificha kadi nyuma ya mgongo, mkono usije ukatangulia wenyewe.

Utauliza: kama kuwahi hakuna faida, mbona wanapigwa tochi? Kwa sababu magari huharibika. Tairi limepasuka, mkono wa usukani umepinda, maji yanavuja. Nje ya eneo la mafundi hakuna anayeruhusiwa kutengeneza gari isipokuwa hao wawili, tena kwa vifaa walivyobeba ndani ya gari tu. Wanalala chini kando ya barabara wakigonga nyundo, na katika zile dakika 38, ishirini na tano zimeshakwenda. Zilizobaki hazitoshi kufika kwa mwendo halali. Sasa kumbuka kwamba rali ya Jordan ya mwaka 2011 Sébastien Ogier alimshinda Jari-Matti Latvala kwa sekunde 0.2, na kule Sardinia mwaka 2024 Ott Tänak alimpita Ogier huyohuyo kwa sekunde 0.2 vilevile. Mtu mwenye hesabu hizo kichwani, akiambiwa kila dakika ni sekunde 10, kibao cha 80 anaanza kukiona kama ushauri. Na akichelewa kupita dakika 15, siku yake imekwisha kabisa.

Mimi nadhani waandaaji wengine nao wana lawama. Ukiwapa watu dakika 40 kupita katikati ya mji saa ambayo kila mtu anatoka kazini, umewatengenezea kosa kwenye karatasi kabla hawajawasha gari. Nimeziona ratiba za namna hiyo na nimezilalamikia kwenye vikao hadi wakanichoka.

Sababu ya pili ni macho na masikio. Mwaka 2016 Kris Meeke alishinda rali ya Ufini kwa wastani wa kilomita 126.6 kwa saa, kwenye njia za changarawe msituni. Huo ni wastani, kona zikiwemo. Mtu anayetoka humo akaingia kwenye lami iliyonyooka, kilomita 80 anaziona kama gari limezimika, na mguu unashuka wenyewe. Askari anayejua kazi yake anaweka tochi kilomita chache tu baada ya mwisho wa mkondo, na mimi simlaumu. Kazi ya mwelekezi hapo ni kuendelea kusoma ingawa noti za kona zimekwisha. "Themanini. Themanini. Hamsini, mita mia mbili mbele, kuna shule." Dereva atakasirika. Mwache akasirike.

SWALI: Baba anapenda kusimulia kwamba kuna bingwa wa dunia aliyenyang'anywa leseni rali ikiendelea, mwelekezi akamalizia kuendesha. Ni kweli au ni porojo za wazee? (Binti wa Msimulizi)

JIBU: Baba hakuongeza chumvi. Ni Petter Solberg wa Norwei, bingwa wa dunia wa 2003, kwenye rali ya Uswidi ya Februari 2011. Akiwa kwenye barabara ya kuunganisha, polisi walimpima akienda 112 mahali pa 80. Uswidi hawana mchezo: ukizidisha kwa zaidi ya kilomita 30, leseni inachukuliwa. Walimpa muda mfupi kabla marufuku haijaanza kufanya kazi, na muda huo ukamwishia Jumapili, ukiwa umebaki mkondo mmoja. Tena ule wa mwisho wenye pointi za nyongeza, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zimeanzishwa msimu huo. Mwelekezi wake Chris Patterson wa Ireland Kaskazini akahamia kwenye usukani, bingwa akakaa kiti cha pili. Walimaliza wa tano.

Watu huicheka habari hii, nami nilicheka, hasa nikimfikiria Patterson akivuta kiti mbele. Lakini chukua kalamu. Kutoka 80 hadi 112 ni nyongeza ya asilimia 40. Nguvu ya mgongano haiongezeki kwa asilimia 40. Inakwenda na mraba wa mwendo, kwa hiyo inakaribia kuwa mara mbili. Hapo ndipo ule mstari wa kilomita 30 unapopata maana yake.

SWALI: Habari za kazi, Mama Noti. Naendesha basi la masafa marefu na sijawahi kusababisha ajali. Kuna vijana wamepata leseni jana na sheria inatupa mwendo mmoja mimi na wao. Hao wa rali ndio usiseme. Kwa nini wenye ujuzi wasiwekewe kiwango chao? (Dereva Mkongwe)

JIBU: Nzuri, kaka yangu, na heshima kwa kazi yako. Swali hili huulizwa hata na madereva wa rali wenyewe, kwa sauti ya chini, wakishakunja risiti ya faini.

Anayevuka barabara hukadiria gari linalokuja kwa mwendo uliozoeleka pale. Hana namna ya kujua kama aliye nyuma ya kioo ni wewe, ni kijana wa jana, au ni bingwa wa dunia. Anahesabu hatua zake kwa mwendo alioutegemea. Dereva akija na mwingine, makosa ya hesabu yanakuwa ya mtembea kwa miguu, na maumivu pia.

Halafu breki. Kwa kilomita 100 kwa saa gari linakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Tuseme dereva wa rali anaitikia hatari kwa nusu sekunde pale ambapo mwingine anatumia sekunde nzima: ameokoa mita 14. Ni nyingi, sikatai. Lakini mguu ukishafika kwenye breki, lami na tairi ndivyo vinavyoamua, na kwenye lami kavu atahitaji mita 50 hivi hadi asimame. Akipandisha mwendo hadi 120, zinapita 70. Zile mita 14 zimeliwa, na bado anadaiwa.

Kuna jambo jingine ambalo watazamaji hawalipi uzito wake. Dereva wa rali anakwenda kasi ile kwa sababu ya masikio yake. Kabla ya mashindano tunapita kila mkondo kwa mwendo mdogo, kwa kawaida mara mbili, kwenye ukaguzi wa njia. Tunaandika kila kona, kila kilima, kila jiwe lililotokeza upande wa ndani. Siku yenyewe anaingia kona asiyoiona mwisho wake kwa sababu nimeshamwambia inafunguka na hakuna kitu, na kwa sababu anajua barabara imefungwa na hakuna anayekuja upande wa pili. Mtoe hapo, umweke kwenye barabara ya umma. Hana noti. Na hata angekuwa nazo, hakuna noti inayoandikwa "lori limesimama bila taa baada ya kona". Ujuzi wake bado anao, ila vile vilivyomruhusu kuutumia havipo.

Wewe kwenye basi lako ni vivyo hivyo, tena una abiria.

SWALI: Serikali inamtoza dereva, kisha wenye mashindano nao wanamtoza kwa kosa lilelile. Kosa moja adhabu mbili, haki iko wapi? (Wakili Asiye na Ofisi)

JIBU: Serikali inamwadhibu kama mtumiaji wa barabara. Wenye mashindano wanamwadhibu kama mshiriki aliyetia saini kufuata kanuni zao. Ni mikataba miwili tofauti, wakili, na hilo ulitakiwa kunifundisha wewe.

Kanuni zenyewe zimelisema bila kuzungukazunguka. Kwenye ukaguzi wa njia, magari hufuatiliwa kwa satelaiti, na anayezidisha mwendo hutozwa kwa kila kilomita iliyozidi. Kisha panafuata maneno ambayo mawakili wa timu hawayapendi: faini hiyo haiguswi na faini yoyote ambayo polisi wametoza. Rali yenyewe ikishaanza, kanuni za FIA kwa miaka mingi zimeweka ngazi. Kosa la kwanza la barabarani, faini. La pili, dakika tano juu ya muda wako, na katika mchezo unaoamuliwa kwa sekunde, dakika tano ni kukutoa kwa adabu. La tatu, unaondolewa rasmi.

Mshiriki naye analindwa. Polisi wakiamua kutomsimamisha dereva palepale, wanaweza kuomba wenye rali wamwadhibu, lakini taarifa ije kwa maandishi, kwa njia rasmi, kabla matokeo ya awali hayajabandikwa, na ionyeshe pasipo shaka ni nani, wapi na saa ngapi. Mtu wa pembeni akipiga simu kwamba kaona gari la buluu likipita kama risasi, hiyo haitoshi.

Mfano mzuri si wa mwendokasi, lakini kanuni ni hiyohiyo. Kroatia, mwaka 2021, Jumapili asubuhi. Sébastien Ogier, wakati huo bingwa mara saba, aligongana na gari la mtu binafsi kwenye barabara ya umma akielekea kwenye mkondo, kisha akaondoka ilhali askari anajaribu kumzuia. Jopo la wasimamizi lilimtoza jumla ya euro 7,000 na kumpa adhabu ya kukosa rali moja, ikiahirishwa kwa miezi sita. Rali ile alishinda, kwa sekunde 0.6 mbele ya Elfyn Evans wa timu yake mwenyewe.

Hapa natofautiana na wasimamizi wengi. Faini ya fedha, kwa dereva wa kiwanda, yaani aliyeajiriwa na kampuni inayounda magari, mara nyingi ni karatasi inayopita kwa mhasibu wa timu. Ningekuwa na sauti, kosa la kwanza tu lingekuwa sekunde. Sekunde hazina mfadhili.

SWALI: Je, ni kweli Ufini faini ya mwendokasi inategemea mshahara? (Mdadisi)

JIBU: Kweli. Ukizidisha zaidi ya kilomita 20 faini huhesabiwa kwa kipato chako. Mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa Nokia alitozwa euro 116,000 kwa kwenda 75 mahali pa 50, akiwa kwenye pikipiki. Baadaye ilipunguzwa sana alipoonyesha kipato chake kimeshuka. Nchi ile imetoa mabingwa wa rali kuliko ukubwa wake, na nashuku wengi wao wanajua vibao vyao vya mwendo kwa moyo.

SWALI: Mama Noti, mimi ni mzazi. Kijana wangu ana miaka 16, kwenye mbio za vigari vya karti anashinda kila mtu, sasa anataka rali. Nikimwambia asubiri leseni ananijibu kuna Mfini aliyeshindana bila leseni akawa bingwa wa dunia. Ananidanganya? (Mama Mwenye Wasiwasi)

JIBU: Hakudanganyi, dada, ila amekusimulia kipande kinachomfaa. Anamsema Kalle Rovanperä, aliyezaliwa Oktoba 2000. Alianza kushindana Latvia kabla ya umri wa leseni, na mwaka 2016 akawa bingwa wa nchi hiyo. Kipande alichokuficha ni hiki: kwenye barabara za kuunganisha hakuwa anaendesha. Mwelekezi wake, Risto Pietiläinen, mtu mzima mwenye leseni, ndiye aliyeshika usukani hadi mwanzo wa mkondo. Hapo wanashuka, wanabadilishana viti, kijana anakimbiza, na mkondo ukiisha wanabadilishana tena. Fikiria: mtoto anayeruka vilima angani kwa gari, akifika kwenye lami anahamia kiti cha abiria kama watoto wenzake. Mwaka 2017 alipewa kibali maalumu cha kupata leseni akiwa na miaka 17, na mwezi huohuo akaingia Mashindano ya Dunia huko Wales. Mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote, akiwa na miaka 22.

Kwa hiyo uliza chama cha magari cha kwenu kinaruhusu umri gani, kisha mwambie kijana: kama anataka njia ya Rovanperä, aichukue yote, na kiti cha abiria kikiwemo.

SWALI: Naomba usinitaje. Ni mwelekezi, nimeanza karibuni. Kamera ilipiga picha gari letu kwenye barabara ya kuunganisha, na gari limesajiliwa kwa jina la timu. Barua imekuja kuuliza nani alikuwa anaendesha. Dereva wangu leseni yake iko ukingoni, kosa moja zaidi anafungiwa. Yangu ni safi. Ananiomba niseme ni mimi, eti mwelekezi naye anaruhusiwa kuendesha barabara za umma kwa hiyo hakuna atakayeshangaa. Ameniahidi kiti chake msimu ujao. Familia inategemea kazi hii. (Kiti cha Pili)

JIBU: Mdogo wangu, hii barua nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na nakujibu bila kuzunguka: usitie saini.

Kuzidisha mwendo ni kosa la barabarani. Kuiandikia polisi kwamba wewe ndiye uliyekuwa unaendesha ilhali si wewe ni kosa la jinai, zito mara nyingi zaidi. Uingereza kulikuwa na waziri, Chris Huhne. Mwaka 2003 gari lake lilinaswa na kamera, na mke wake wa wakati huo, Vicky Pryce, akakubali kwa niaba yake pointi za adhabu, zile zinazoweza kumfungia mtu leseni. Walikaa na siri hiyo hadi ndoa ilipovunjika, ikatoka. Mwaka 2013, miaka kumi baada ya kamera kupiga picha, wote wawili walihukumiwa kifungo cha miezi minane. Sikia vizuri: wote wawili. Aliyeomba na aliyekubali. Huhne angeacha tu afungiwe leseni, angekaa bila gari kwa muda mfupi na mambo yakaisha.

Nao hawakuwa kwenye gari la rali. Wewe ulikuwa na kamera ya ndani ikimwangalia dereva, kifaa cha kufuatilia mwendo, kadi ya muda yenye mwandiko wako wa dakika zilezile, na mashabiki wa kila kona wenye simu wanaopenda kupiga picha gari likiwa limesimama kwenye taa nyekundu. Helmeti zikiwa zimevuliwa, nyuso zinaonekana. Ushahidi wa nani alishika usukani hauko mikononi mwako wala mwake.

Kuhusu kwamba mwelekezi anaruhusiwa kuendesha: ndiyo, na ndiyo hasa sababu ya kuilinda leseni yako. Timu ikiwa na dereva aliyefungiwa na mwelekezi mwenye leseni safi, bado inaweza kulifikisha gari kwenye mkondo. Ikiwa na wawili waliofungiwa, gari linapanda trela. Hapo juu nimemweleza binti mmoja habari za Patterson na Solberg. Patterson angekuwa ameshawahi kubeba makosa ya wengine, pale Uswidi hakuna ambaye angemalizia.

Ahadi ya kiti nisikuseme sana, maana nami najua njaa ya kiti. Ila anayekuahidi ni mtu ambaye leseni yake, kwa maneno yako mwenyewe, iko ukingoni. Huenda msimu ujao hana kiti cha kumpa mtu.

Cha kufanya: usimjibu dereva kwa ujumbe wa simu, maana ujumbe hubaki. Mwambie ana kwa ana kwamba hutaweza, na usimtukane. Pengine ameomba kwa hofu. Kisha nenda kwa meneja wa timu, kwa kuwa barua imeandikwa kwa timu na yeye ndiye anayepaswa kuijibu, umwambie neno moja tu: siku ile, kipande kile, hukuendesha. Usiongeze maelezo. Kama meneja naye anakusukuma, tafuta mwanasheria wako mwenyewe, asiye wa timu. Na barua za namna hiyo huwa na tarehe ya mwisho ya kujibiwa, mara nyingi imeandikwa chini kwa herufi ndogo. Itafute leo.